Springi za Sindano

3 Februari

Kwako Shemeji Fundi wa Lifti,

Salamu nitakupa mwishoni, nikikumbuka. Kwanza fungua boksi uone vipande. Bamba la chini limepasuka katikati, kuanzia tundu la betri mpaka nyuma. Usiniulize kafanya nani. Ni mimi, ni gari lako na ni nguzo ya ukumbi. Lawama tugawe sawa, ila nguzo ipate kidogo kwa sababu haikusogea.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikitamka neno springi unasema mtandao mbovu, unakata. Barua huwezi kuikata.

Hali ya huku ni hii. Jumamosi zulia linatandazwa ukumbini kama kawaida, tunapanga mipaka ya njia, magari manane madogo ya rimoti yanaingia kushindana. Enzi za mdogo wangu watu walikuwa wanaacha chai ipoe wakimwangalia. Walimwita Sindano kwa sababu alikuwa akipita hata pasipo na tundu. Tangu alipotutoka nimeishika rimoti yake mimi, na mimi wananiita Mama Breki. Gari likifika kona ile ya mwisho, inayojikunja karibu na mlango wa choo, mkia unatoka, linazunguka kama pia, halafu linatulia likitazama lilikotoka. Watu wananipigia makofi ya huruma. Shemeji, mimi ni mshona mapazia mwenye wateja wanaoniheshimu, na wawili kati yao huja kutazama.

Sasa tunahitaji gari jipya. Dukani kuna mawili. Moja ni kama hili letu, sehemu ya nyuma imeshikwa na kipande kimoja chembamba kinachojipinda, na ni kali kama wembe. La pili nyuma lina mikono miwili na springi za pembeni, na karibu kila mtu ukumbini amehamia hilo. Katibu wa klabu aliniachia lake mizunguko kadhaa. Linakata kona kama mtu aliyelelewa. Nataka hilo.

Fainali ni mwisho wa mwezi wa tano. Nikiendelea kuzunguka hivi hadi siku hiyo, naweka rimoti mezani na siishiki tena. Na tusidanganyane, hili gari ndilo limebaki kati yetu. Likiisha, mimi na wewe hatuna cha kuandikiana.

Salamu. Nimekumbuka.

Shemeji yako,
Mshona Mapazia


10 Februari

Shemeji mpendwa,

Vipande nimevipokea. Pole kwa nguzo.

Gari nimeshaagiza. Ni lilelile, la kipande chembamba. Kabla hujatupa barua hii naomba nikueleze kitaalamu. Gari hili letu la bamba ni karatasi ngumu yenye magurudumu. Halina kitu cha kuficha makosa. Hilo la mikono miwili limetengenezwa ili mtu asiyejua asijulikane, ndiyo maana wote wamelihamia. Gari zuri ni kali. Linafuata kidole kabla kidole hakijamaliza kuamua. Likigeuka nyuma mbele, kosa ni la kidole.

Nitaliunga hapa chumbani kwangu. Nina ubao juu ya sinki na kipande cha kioo cha kupimia usawa, vinatosha. Mbele nitaweka springi laini, zilezile, ili pua ikate kona kwa ukali. Matairi ya sponji nitayachonga mwenyewe. Wewe kazi yako ni moja tu, kuyapaka dawa ya kunatia ili yashike zulia. Ya mbele paka upana wote, usiache hata mstari. Springi usiguse.

Kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa mikononi mwa mke wangu. Alishinda nalo miaka yote hiyo, kwa hiyo hatuna sababu ya kuanza kubahatisha.

Boksi litakuja na basi la Alhamisi.

Wako,
Shemeji


25 Februari

Shemeji,

Boksi lilifika, gari ni zuri la kuweka kabatini.

Nilipaka dawa upana wote. Springi sikugusa. Kidole changu nilikionya tangu asubuhi. Mzunguko wa kwanza nilizunguka kona ya mwisho. Wa pili nikazunguka kona ya mwisho na ile ya kabla yake, maana sasa limepata uzoefu. Wa tatu nililiendesha polepole kama nampeleka mgonjwa, na bado likageuka, likamgonga katibu kifundoni. Alikuwa na kipenga mdomoni. Kililia chenyewe.

Gari nalirudisha kwa basi, na nakuomba kitu kidogo. Weka springi ngumu mbele. Sikwambii ubadilishe gari, hilo umeshanishinda. Nasema springi mbili, ndogo kuliko ukucha wangu. Katibu, akiwa ameketi ameshika mguu, alisema hivyohivyo.

Halafu kuna jambo nimelizunguka muda mrefu kuliko hizo kona. Unatengeneza gari la zulia ukiwa mahali pasipo na zulia. Tangu tuzike hujakanyaga ukumbi huu. Ulihama kazi, ukahama nyumba, sawa, sikukulaumu. Lakini basi la Ijumaa jioni lipo, kitanda cha mgeni kipo, na mimi kwangu hakuna anayekuuliza maswali. Njoo Jumamosi moja tu, uone kwa macho yako linavyonifanya.

Mama Breki
(naona nilizoee)


5 Machi

Shemeji mpendwa,

Jumamosi siwezi. Tuna lifti ya jengo la ghorofa nyingi inayokwama kila siku mahali pamoja, na mwenye jengo anataka nilale humo.

Nimelitazama gari ulilorudisha. Halina tatizo. Liko sawa kabisa, nimelipima kwenye kioo, kushoto na kulia uzito haupishani. Kwa kuwa unasema linageuka, nimefikiri sana, na nimeona springi za mbele zimekaza kidogo kwa upya wake. Nimekuwekea laini zaidi.

Najua utapiga kelele. Nisikilize. Ukishika rimoti kwa woga, unachelewa kukata, kisha unakata kwa nguvu. Gari likiwa kali zaidi litakulazimisha ukate mapema na kwa wepesi, kama mdogo wako. Ninamwona bado. Kidole gumba kilikuwa kama hakisogei. Akimaliza alikuwa ananigeukia, ananiambia, "Liko safi, usiguse kitu." Kila mara maneno hayohayo.

Matairi nimeweka jozi mbili, uyatunze. Yeye alikuwa anamaliza matairi kama mtu anayetafuna karanga, kila Jumamosi anataka jozi mpya, mimi nakesha nachonga. Lakini yeye alikuwa na haki, dereva mkali anakula matairi. Wewe bado hujafika huko.

Jitahidi, Shemeji. Nakuomba kweli. Sina kitu kingine ninachokifanya vizuri siku hizi.

Wako,
Shemeji


21 Machi

Shemeji Fundi,

Nimeshika nafasi ya pili.

Nimeandika upya sentensi hiyo maana hata mimi nilikuwa siiamini. Nafasi ya pili, nyuma ya katibu, na katibu alikuwa anatazama nyuma kila mara kama mtu anayefuatwa na mbwa. Kona ya mwisho sikuzunguka hata mara moja. Wateja wangu wote wawili walinipa mkono. Tumeingia fainali.

Gari halina neno. Nalirudisha ulipige msasa na kulisafisha, uliangalie beringi za nyuma, naona moja inalia.

Sina mengi leo. Kuna mapazia ya hoteli nzima yananisubiri.

Mshona Mapazia


26 Machi

Dada yangu,

Nimesimama kwenye kaunta ya ofisi ya vifurushi, naandikia nyuma ya risiti yao kwa sababu siwezi kungoja nifike nyumbani. Boksi liko miguuni, sijalifungua, barua ilikuwa imebandikwa juu.

Nafasi ya pili! Nilijua. Niliwaambia mafundi wenzangu kazini kwamba utaweza, hawakuelewa, nikawaambia tena. Karani wa vifurushi ameniuliza kama nimefiwa kwa jinsi nilivyolia. Nimemwambia hapana, leo hapana.

Unajua nilichokuwa naogopa? Niliogopa kwamba mikono ile imekwenda na haipo tena popote. Na kumbe ipo. Mmezaliwa tumbo moja, kwa nini isiwepo? Zile springi zake, sponji yake, kila kitu kama alivyokiacha, na gari limekwenda. Unaendesha kama yeye, Dada. Nimekuwa nikikusumbua kwa barua kali, unisamehe.

Fainali nakuja. Nimeshampigia bosi simu hapahapa. Nitasimama palepale nilipokuwa nasimama, karibu na meza ya dawa ya matairi, na ukimaliza nitakuuliza kama nilivyokuwa namuuliza yeye.

Shemeji yako mwenye furaha


27 Machi

Shemeji,

Nimefungua boksi.

Springi za mbele ni zangu, laini, umezirudisha. Nakupongeza. Ila umeweka washa mbili, vile vichuma vya duara vya chini ya skrubu, upande wa kushoto na hakuna upande wa kulia, kitu ambacho mimi sijakifanya tangu nijue kushika bisibisi. Nikafikiri labda zimeanguka njiani. Halafu nikatoa matairi.

Sponji ya mbele imekunywa dawa nusu upana tu. Upande wa ndani mweusi, upande wa nje mkavu kama ulivyotoka kwangu. Springi unaweza kuzirudisha. Matairi huwezi kuyafua.

Uliendesha na springi ngumu. Ulipaka nusu. Ukashika nafasi ya pili na gari lililogeuka la mtu mwingine, ukalivua nguo zake, ukalivika zangu, ukanitumia na kuniambia halina neno. Na mimi jana nimelia mbele ya karani.

Ningekubali uzunguke mpaka mwaka kesho. Ningekubali uvunje mabamba kumi. Nilikuwa nakuomba kitu kimoja tu, kwamba kiwepo kitu kimoja hapa duniani kilichobaki kama alivyokiacha. Wewe ni dada yake. Kama wewe huoni hivyo, nani ataona?

Fainali siji. Springi ngumu unazo, fanya utakavyo. Gari nitalituma wiki ijayo, na tafadhali usilirudishe.

Shemeji


4 Aprili

Shemeji,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kuichana. Nikaona nikiichana utasema nayo nimeirudisha vibaya.

Ndiyo, nilibadilisha. Nilikwambia springi zinanishinda, ukanitumia laini zaidi! Mtu akikwambia viatu vinabana unampa vidogo zaidi? Nilibadilisha kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa, na nikakudanganya kwa sababu barua yako ya kabla ya hapo ilisema huna kitu kingine unachokifanya vizuri. Ungefanya nini wewe, na barua kama hiyo mkononi? Halafu ukaniandikia kutoka kaunta ya vifurushi. Barua ile ilifika siku moja na hii ya pili. Nilifungua ya furaha kwanza. Ulivyoniweka pale, Shemeji, sijui kama nitakusamehe wiki hii.

Mimi si yeye. Nina miaka zaidi yake, nina vidole vinene vya kushika mkasi, nikiona kona napunguza mwendo. Umenipa rimoti ya marehemu na kunitaka niwe marehemu, na kila nikishindwa unaniandikia jinsi yeye alivyokuwa akifanya. Unadhani wewe peke yako ndiye uliyefiwa? Yule nilimbeba mgongoni. Nikisimama pale kila Jumamosi nasikia watu wakisema "Sindano angepita," na nikirudi nyumbani nakuta barua yako inayosema Sindano angepita.

Sasa nakwambia jambo ambalo nilikusudia kufa nalo. Umenilazimisha.

Unafikiri nilijifunza kwa nani kubadilisha springi na kuzirudisha? Yeye mwenyewe. Springi zako laini hakuendesha nazo hata siku moja, labda mwezi wa kwanza mlipooana. Ukumbini alikuwa anaweka gari kwenye mkoba, anasema anakwenda chooni, anaingia na bisibisi. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikiwaambia akina mama wasubiri, tumbo linamsumbua. Anaweka ngumu. Anapaka dawa nusu. Anatoka, anashinda, anarudi chooni tena, anaweka zako. Ukumbi mzima walimhurumia kwa hilo tumbo. Na matairi hakuwa anayala. Alikuwa anayatupa kwenye pipa la nyuma, kwa sababu alijua ukiyaona utajua, hayo usiyoweza kuyafua.

Na mimi naendesha na springi ngumu kuliko zake, kwa taarifa yako. Hata hapo sifanani naye.

Nimekasirika sana kuandika zaidi.

Dada yake


29 Aprili

Dada,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Mara ya kwanza niliamua umeitunga ili kunikomoa. Nikatafuta kosa ndani yake kama ninavyotafuta kosa kwenye lifti, ghorofa kwa ghorofa. Nikakumbuka lile tumbo. Nilimpeleka kwa daktari kwa ajili ya hilo tumbo! Daktari akasema haoni kitu, na mimi nikagombana na daktari.

Nina hasira na marehemu, na hilo ni jambo baya kuliko nilivyodhani. Ningekuwa naye hapa ningemgombeza mpaka majirani watoke nje. Miaka yote hiyo! Kila Ijumaa nachonga sponji mpaka macho yananiuma, nalipanga gari kwa ajili ya mikono ambayo kumbe ilikuwa inalipangua chooni. "Liko safi, usiguse kitu." Alikuwa ananitazama usoni akisema hivyo. Naanza kumgombeza humu chumbani, nakwama katikati kwa sababu najua angejibu nini, angecheka, na mimi ningemaliza ugomvi kwa kucheka. Sasa sina wa kunimalizia.

Nimelia pia, kwa kuwa unapenda ukweli. Nilidhani nimetunza kitu chake. Kumbe nilikuwa natunza changu.

Kwa nini hakuniambia? Hilo naomba unijibu, hata kama jibu litaniuma. Nilikuwa mkali? Nilimtisha? Mimi najiona mtu mpole.

Na swali la pili. Gari sikulituma kama nilivyosema; nimekaa nalo mezani, nimevua springi zote, sijui niweke zipi. Nimegundua kwamba tangu nianze kazi hii sijawahi kumuuliza dereva yeyote swali hili, hata yule niliyelala naye kitanda kimoja. Wewe unapenda gari liendeje?

Shemeji


6 Mei

Shemeji yangu,

Hukumtisha. Ondoa hilo kichwani upesi. Nilimuuliza siku moja pale mlangoni, nimechoka kudanganya watu kuhusu tumbo lake. Nikamwambia, mdogo wangu, si umwambie tu mumeo? Akasema, "Dada, wewe humwoni anavyoegemea ile meza akisubiri nimwambie." Akasema ukiambiwa kitu hakiko sawa hugombi, unanyamaza, unachukua funguo, unatoka, na yeye anabaki na sahani mbili mezani asijue utarudi saa ngapi. Springi mbili hazikuwa na thamani hiyo kwake. Basi. Hakuwa anakuogopa, alikuwa hataki uondoke.

Nami nakwambia wazi, alikosea. Alinifundisha kosa lake na mimi nikalichukua kama urithi. Na wewe ulikosea zaidi, kwa sababu ulinyamaza na kuondoka mara nyingi mpaka ukahama kabisa. Ukiudhika kusoma hivyo, udhika. Angalau safari hii ulirudi na swali.

Ninapendaje gari? Unajua nimekaa na swali hilo mbele ya cherehani nikashona pindo upande usio wake? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Napenda gari linaloningoja. Nikichelewa kidogo kwenye kona lisinipite, linipe nafasi nifikiri, halafu tuondoke wote. Napenda nyuma inate, mbele iwe nzito kidogo, hata kama mtu kama Sindano angelala usingizi akiliendesha. Sitaki lifuate kidole changu kabla hakijaamua. Kidole changu huwa kinabadili mawazo.

Kwa hiyo weka springi ngumu, zile ngumu kabisa. Dawa nusu. Ukiona kuna kitu kingine cha kunisaidia na mimi sikijui, kiweke na uniambie umekiweka.

Sasa fainali. Zulia tunalitandaza asubuhi, njoo na boksi mwenyewe, basi lisikubebee. Njoo na springi zako laini pia. Tutajaribu zote, tukizibadilisha palepale kwenye meza ya dawa, mbele ya katibu na kipenga chake na kila mtu. Mimi nitashika bisibisi. Nikimaliza mzunguko nitakwambia ukweli, na huenda nikakwambia kwa sauti. Ukitaka kununa, nuna. Nuna kadiri unavyoweza, lakini ukae.

Dada yako,
Mshona Mapazia